Wimbo wa Cherehani

Kiharusi kiliponifunga ulimi, wifi yangu aliibeba cherehani yangu, akautangazia mtaa mzima kwamba nimempa. Alijua sina mdomo wa kumkanusha.

Asichojua ni kwamba hospitalini sisi wagonjwa wa kiharusi tunaimba pamoja, na neno linalonigomea kulisema, nikiliimba linatoka.

Jumamosi nikawaongoza wenzangu, wengine na magongo yao, hadi mlangoni kwake.

“Bubu kaja na mabubu wenzake!” akacheka.

Nikaanzisha: “Wifi, cherehani yangu iko wapi?”

“Mrudishie mwenyewe!” wenzangu wakaitikia.

Majirani wakajaa. Watoto wakadaka kiitikio, hata wale aliowazaa yeye, na mpaka leo akipita dukani wanamwimbia.

Cherehani nilirudi nayo. Wimbo nimemwachia.