Vifuko Vilivyoshikana

Maabara ile ya Homa Bay haikuwa na siri. Chai ikimiminwa tu, kila mtu keshajua ya mwenzake, na wiki ile habari ilikuwa moja: programu ya Makori ikifaulu majaribio, Mourine anafunga virago kurudi kwao Muhuru Bay.

Kazi ya Mourine ilikuwa picha za hadubini. Vifuko vidogo vya mafuta, vimetiwa rangi, viking'aa kijani gizani. Yeye alizungushia kila kimoja duara kwa kipanya, kompyuta ipime ukubwa wake. Kisha Makori akachukua maduara hayo yote, akaifundisha programu kuchora peke yake.

Siku ya majaribio wakajazana, hata Jerusha wa usafi na birika lake. Kemikali mpya ilitakiwa kuvifanya vifuko vishikane. Makori akabonyeza, maduara yakatapakaa kwenye skrini. Jibu likaja: vilivyoshikana, hakuna.

"Hakuna nini, na wale pale wamekumbatiana kama maharusi!" Jerusha akadakia.

Watu wakaangua kicheko. Makori uso ukamshuka. Daktari Orina, mkubwa wao, akasema kama kitu chenyewe ni kipofu, basi kiachwe.

Jerusha akamfinya Mourine, akimwita binti wa Muhuru kwa Kijaluo. "Nyar Muhuru, umepona! Nyamaza hivyo hivyo."

Na angenyamaza, ila alikuwa akiitazama picha, na vile vilivyorukwa alivijua. Kwao omena, wale dagaa wa ziwani, wakianikwa, walioshikana huoza katikati. Tangu utotoni mkono wake umezoea kuwatupa kando bila kufikiri. Kumbe hata hapa ulikuwa ukitupa.

"Makori, programu yako si kipofu," akasema. "Imeniiga mimi. Vilivyoshikana sikuvichorea duara hata siku moja. Nilidhani vimeharibika."

"Na hukuuliza?"

"Omena nani huuliza? Unatupa tu."

Makori akamkodolea macho, halafu akacheka mpaka akashika meza. "Jamani! Nimefundisha kompyuta kuanika omena!"

"Kuifundisha upya ni kazi ya muda gani?" Daktari Orina akauliza.

"Hiyo muulize mwalimu wake," Makori akasema, akimsogezea Mourine kipanya.

Na ikishajua, je? Hakuna aliyegusia hilo. Jerusha akammiminia chai akinung'unika, "Mdomo huo, dada, utakuja kukulaza njaa."

"Basi ongeza sukari," Mourine akajibu, akatafuta jozi ya kwanza. Akachora duara moja, na la pili likiligusa.