Vikombe vya Mkono wa Kushoto

Kwa miaka thelathini nimewaambia watu barazani Ng'ambo kwamba mnyongaji wa kwenye ile picha ni Machano wa Bwejuu, babu wa babake Kheir, yule fundi baiskeli wa mtaani kwetu. Picha yenyewe ni ya zamani, kazi ya Mzungu: kijana anatundikwa uwanjani, umati umemzunguka, na anayevuta kamba anaivuta kwa mkono wa kushoto. Machano alikuwa mashoto, Bwejuu nzima inajua. Mimi nilikuwa na fotokopi, nyeusi kama masizi. Ilinitosha.

Juzi akanipigia simu Khairiya, binti wa Kheir. Anafanya usafi hoteli moja Shangani, na hoteli imeitundika picha hiyo, kubwa, juu ya meza ya matunda. Nilikwenda nikiwaka. Mtoto wa watu ananyongwa, wao wanakula mapapai!

"Shikamoo, Ami Wakil."

"Marahaba. Umeniita unitukane?"

"Nimekuita utizame. Kila asubuhi wenzangu wananambia, 'Khairiya, mpanguse vumbi babu yako.' Kwa maneno yako. Nataka unambie ulimjuaje."

Nikasogea. Jina la mchoraji limeandikwa pembeni kwa madaha. La anayenyongwa halipo. Lakini palikuwa na jambo ambalo fotokopi ililimeza. Nyuma ya askari amesimama muuza kahawa na dele lake, na wazee watatu wamekaa wanakunywa. Mtu anakata roho, wao wanakunywa! Nikaisahau kamba. Nani hawa? Walikuwa wakisemezana nini? Mmoja ametukazia macho, kikombe ki mdomoni, kama anayeuliza: na nyinyi je, mnatizama nini?

"Ami," Khairiya akasema, "wote hawa mashoto?"

Kweli. Kila kikombe kimeshikwa kwa kushoto. Hata kahawa inamiminwa kwa kushoto. Wazee wa Kiislamu, tena mbele za watu?

Hapo nikakumbuka vikaratasi vya siasa tulivyokuwa tukivipiga chapa ujanani. Mihuri yake niliichonga mwenyewe kwenye mpira, maneno nikayageuza ili yakipigwa yasomeke. Picha hii nayo ilichongwa kwenye bamba ikapigwa chapa, na yule mchoraji hakujisumbua kugeuza kitu ila jina lake. Nikamwomba Khairiya kioo chake cha mkobani. Ndani ya kioo, wazee walikunywa kwa kulia. Na kamba ikavutwa kwa kulia.

"Kwa hiyo si yeye?"

"Sijui ni nani. Nilichokuwa nacho ni mkono tu, na mkono wenyewe siwo."

Akakirudisha kioo mkobani. "Nilipokuwa mdogo Baba alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa, niandike kwa kulia. Na wa kwake mwenyewe huutia mfukoni akipita barazani kwenu. Ulisema mbele za watu, Ami. Kanusha mbele za watu."

Alasiri ile ile nikamwita Kheir barazani, nikayasema yote: vikombe, mihuri, kioo. Nikamtaka radhi.

Abdulrazak, muuza kahawa wetu, akajipiga kofi pajani. "Wewe Wakil! Miaka yote hiyo umetuchosha masikio, kumbe ulikuwa unaitizama kinyume!"

Wakacheka. Kheir hakucheka. Alitoa mkono wa kushoto mfukoni, polepole, akalichukua dele, akanimiminia. Nikapokea kwa kulia. Akanikazia macho mpaka nikanywa.