Ndege Wanakuja Kesho Jioni

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ugonjwa wa mwalimu wa Kiswahili ni kusahihisha. Nimestaafu mwaka wa nne sasa, nakaa Ilomba hapa Mbeya, lakini mama muuza nyanya akiniambia "nyanya yangu mazuri" bado nasimama palepale na kikapu changu mpaka aseme vizuri. Majirani wananisema pembeni. Wacha waseme. Leo nataka kueleza kilichotokea Ubaruku, na naomba mtu asinipe pole, maana pole yenyewe siitaki.

Chama chetu cha kutazama ndege kina watu tisa. Mwenyekiti ni mzee Asukile, aliyekuwa bwana mifugo, na katibu ni mimi, Damari. Watu wanatucheka: wazee wazima na akili zao, wamesimama kwenye matope wanamwangalia ndege kwa darubini, halafu wala hawamli. Tunatoka mara tatu kwa mwaka. Novemba tunashuka Ubaruku, wakati majaruba ya mpunga yanaanza kujazwa maji na korongo wa Ulaya wameshafika. Agosti tunavuka kwenda Iringa, tunalala Kalenga na kutembea kando ya Ruaha Mdogo. Aprili tunarudi Ubaruku kwa ajili ya kitu kimoja tu: korongo taji wawili, dume na jike, waliokuwa wakitaga kwenye matete nyuma ya shamba la Nkuba.

Nkuba ni Msukuma. Baba yake alihamia Usangu na ng'ombe, ng'ombe wakapungua, ukoo ukabaki na mpunga. Mwaka wa kwanza tulipowaona wale korongo, mayai yaliibwa. Mwaka wa pili makinda wawili walianguliwa, mbwa wakawamaliza kabla ya wiki kwisha, na Nkuba alipopiga simu kunieleza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Mwaka wa tatu hakutuuliza. Alichimba mfereji kuyazunguka matete ili mbwa wasivuke, akapoteza mistari mitatu ya mpunga wake mwenyewe kwa kazi hiyo, na mke wake akamnunia mwezi mzima.

Makinda wakaanguliwa tena wawili. Nkuba hakuwaita makinda, aliwaita watoto. Kufika Aprili walikuwa na wiki saba, wana miguu mirefu na manyoya ya rangi ya majani makavu, na kwa hesabu ya mzee Asukile walihitaji wiki nne tu waweze kuruka. Mimi nilitaka kumwona mmoja akiruka. Mmoja tu. Nina miaka sitini na minne na sikumbuki lini tena nilitaka kitu kwa namna ile, mpaka naamka asubuhi nakiwaza kabla sijamkumbuka Mungu.

Sasa, katibu ana kanuni zake. Nilimwambia Nkuba taarifa zote ziandikwe kwenye meseji, nami nizinakili kwenye daftari la chama, maana maneno ya simu hupotea. Nkuba aliishia darasa la nne. Akaanza kuniletea mambo kama haya: "Ndege zimeamka. Ndege zinakula panzi." Ukitaka kuniua, niandikie hivyo.

"Nkuba," nikamwambia, "ndege ana uhai. Ndege wameamka. Ndege wanakula."

"Kwani wenyewe wanajua, Mwalimu?" akacheka.

"Wao hawajui. Ninayejua ni mimi."

Nilimkomalia. Siku moja alipiga simu, akaanza na "ndege zimehamia", nikamkatiza: rudia. Akarudia. Nikamwambia kila jambo likihusu ndege, weka wa-, basi, usijisumbue kufikiri. Wa-, wa-, wa-. Mke wake alikuja kuniambia kwamba hata nyumbani alikuwa anawagombeza wanawe: semeni wanakula, Mwalimu atakasirika. Niliposikia hivyo nilifurahi sana. Nilijiona bado nina kazi duniani.

Jumamosi iliyotangulia Sikukuu ya Muungano, ambayo safari hii iliangukia Jumatatu, nilikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Jumatatu hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu ya Aprili, Noah ya mzee Asukile imeshatiwa mafuta. Simu ikatetemeka kwenye pochi. Nikasoma: "Shikamoo Mwalimu. Ndege wanakuja kesho jioni kwenye matete. Watoto niwatoe au niwaache."

Wanakuja. Niliisoma mara mbili kwa raha yake. Nikamwonyesha Prisca, tunayeimba naye sauti ya pili, nikamwambia ona, mtu wa darasa la nne huyu, nimemfundisha mwenyewe.

Maana yake sikuihangaikia. Ulikuwa msimu wa kwelea kwelea, punje za mpunga zilikuwa bado na maziwa, na vile vindege hulala kwenye matete kwa maelfu. Nikaona Nkuba ameliona kundi linasogea, anaogopa watasumbua makinda. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshanikazia macho. Nikajibu haraka haraka: "Hongera kwa WANAKUJA! Waache watoto, usiwaguse. Ndege hao hawana neno."

Akajibu: "Sawa Mwalimu. Asante." Nikarudi kwenye wimbo.

Jumatatu tuliondoka mapema, watu saba, chupa mbili za chai na viazi vya kuchemsha. Uyole baridi, Chimala joto, Igawa tukakata kuelekea Rujewa. Mzee Asukile alikuwa amevaa kofia yake ya safari na anatania kila mtu. Mimi nilikuwa na darubini mapajani, nimeifuta lenzi tangu usiku. Tulipokaribia Ubaruku dereva alifungua dirisha akalifunga tena kwa harufu kali, nusu ya kitu kilichooza, nusu ya duka la dawa za mashamba.

Kando ya mfereji mkuu watu walikuwa wameinama na viroba, wanaokota. Nikadhani wanaokota mpunga. Tuliposimama nikaona ni kwelea kwelea, wamekufa, wamelala chini kwa wingi mpaka hupati pa kuweka mguu. Mzee Asukile akamuuliza mama mmoja kulikoni.

"Ndege zilipita jana jioni," yule mama akasema. "Zimemwaga dawa."

Na mimi, Mungu anisamehe, moyoni nikasahihisha: walipita. Nimeshasahihisha ndipo nikaelewa ni ndege za namna gani.

Nilishuka nikakimbia. Sikujua kama bado naweza kukimbia. Nkuba alikuwa amesimama ukingoni mwa mfereji wake, ule aliouchimba kwa mikono, kavua kofia. Dume wa korongo alikuwa ndani ya maji, amelala ubavu, lile taji lake la dhahabu limeshikamana kwa matope. Jike alikuwa hai. Alisimama kwenye tuta na mabawa yote mawili yamening'inia chini, kichwa kinashuka, anakipandisha, kinashuka tena. Kinda mmoja alikuwa amekufa miguuni pake. Wa pili alikuwa anatetemeka mwili mzima, mdomo wazi, anataka kusimama na hawezi.

"Karibuni, Mwalimu," Nkuba akasema taratibu.

Nikamvamia. Sitaficha, nilimvamia mbele ya watu wote. Nilimuuliza ana akili gani. Nilimuuliza kama walitangaziwa, akasema ndiyo, mtendaji wa kijiji alipita na pikipiki na kipaza sauti tangu Ijumaa: ndege zitakuja, mifugo itolewe, visima vifunikwe. Mzee Asukile naye akaingia.

"Umetangaziwa siku mbili. Una mikono, una kapu. Makinda wawili wakushinde kubeba? Ungewavusha ng'ambo ya mfereji mkuu tu, wazazi wao wangewafuata."

"Niliuliza, mzee."

"Ulimuuliza nani?" Nilikuwa bado nafoka. "Mimi ndiye katibu! Mbona mimi hukuniambia?"

Nkuba akanitazama, hakuelewa kwa nini namuuliza. Akatoa simu yake ya kitochi mfukoni, akabonyeza bonyeza, akanipa. Maneno yalikuwa palepale. Ndege wanakuja kesho jioni kwenye matete. Watoto niwatoe au niwaache. Na chini yake yangu, na herufi zangu kubwa.

Kama angeandika zinakuja, kwa Kiswahili chake kile kibovu, ningeshtuka. Hapana, ningemkaripia, lakini baada ya kumkaripia ningeuliza. Nilimfundisha ndege ni wa-, kila ndege, asijisumbue kufikiri. Ndege ya bati, ile ina sarufi yake, na sikumwambia. Haikunijia kabisa kwamba mtu wa Ubaruku anaweza kuwa na neno la kuniambia kuhusu ndege isiyo na manyoya.

"Mtendaji alisema zitakuja," Nkuba akamweleza mzee Asukile. "Mimi nikaandika wanakuja, kama Mwalimu anavyotaka. Nikasema ngoja nimuulize, yeye amesoma. Kapu nilikuwa nalo." Akaonyesha. Lilikuwa pale kwenye tuta, kapu la kubebea mashudu, ndani ametandika nyasi kavu. "Akasema niwaache, hawana neno. Nikajua basi dawa ile ni ya kwelea tu, haina neno kwa hawa. Nikaenda nyumbani."

Mzee Asukile akaichukua simu mkononi mwangu akasoma. Alisoma kwa muda mrefu kwa meseji fupi vile. Kisha akamrudishia Nkuba bila kunitazama, akainama kumshika yule kinda, akamfungua jicho kwa kidole gumba. Nikamuuliza kama kuna dawa. Akasema ipo, ila yeye hanayo, na Rujewa leo ni sikukuu, na hata maduka yangefunguliwa, hadhani kama kinda angefika hai.

Nilivua kitenge cha mabegani nikamfunga, nikakaa naye kwenye tuta. Alikuwa mwepesi. Nilikuwa sijawahi kumshika, nilimkataza kila mtu asiwaguse. Mtetemo wake niliusikia mpaka kwenye magoti yangu. Wenzangu walisimama tu, hakuna aliyetoa darubini, hakuna aliyefungua chai. Jike alikuwa hatua kumi kutoka kwangu na hakukimbia, na ndege yule huwa anamkimbia mtu akiwa mbali kabisa. Baada ya muda kile nilichokifunga kitengeni kilitulia. Nililia kwa sauti, sikujali nani anasikia. Nilipoinua macho jike naye alikuwa amekaa chini, shingo imelala kwenye matope.

Nkuba alikuja akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa amelia yeye pia, mapema kuliko sisi, macho yamevimba.

"Kosa ni langu, Mwalimu," akasema. "Kiswahili kinanishinda. Niliandika vibaya."

Mzee Asukile alikohoa. Ningeweza kunyamaza, na nakiri nilifikiria. Daftari la chama ninalo mimi, ningeandika nilivyopenda na hakuna ambaye angebisha sana.

"Hapana, Nkuba," nikasema. "Uliandika kama nilivyokufundisha."

Akalifikiria jibu hilo. Hakuwa na hasira hata kidogo, na laiti angekuwa nayo. Alinyoosha mkono akamgusa kinda kidogo kwa juu ya kitenge, kisha akanitazama usoni kama mwanafunzi anayetaka kuelewa.

"Sasa kama niliandika ulivyonifundisha," akasema, "na nikafanya ulivyoniambia, hawa wamekufa kwa nini, Mwalimu?"

Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Yeye akaendelea kuchuchumaa palepale, anasubiri.