Ya Mwisho ni Yetu

Kila Jumapili baada ya kanisa, mume wangu Lokaale alinipeleka kwenye bustani ya mji hapa Isiolo, ile iliyokuwa na migunga mikubwa nyuma ya ofisi za serikali. Msidhani ni mapenzi. Alikuwa anafuata ndege. Alikuwa dereva wa idara ya mifugo, na mwaka wa sabini na saba alinunua kamera kuukuu kwa mwanajeshi mmoja wa Nanyuki. Tangu siku hiyo mimi nikawa mke wa pili.

Filamu zilikuwa ghali, na haikuoshwa filamu mpaka ipigwe yote. Kwa hivyo tulikuwa na mapatano. "Mama Akal, hizi ni za ndege," aliniambia. "Ya mwisho ni yetu wawili." Basi nami najipaka mafuta, navaa gauni langu la kijani, nakaa pembeni mwa benchi, nafasi yake nimemwachia, nangoja. Hatukuwa na picha hata moja pamoja. Harusi yetu ilikuwa na ng'ombe na kelele, kamera haikuwepo.

Lakini kila filamu ikikaribia kuisha, shetani anatuma ndege. Mara ni kwenzi, buluu inang'aa kama gari jipya. Mara ni hondohondo dume na mdomo wake mwekundu, anamlisha mkewe aliyejifungia ndani ya tundu la mti. Baba Akal ananiangalia mimi, anamwangalia ndege, na hapo najua nimeshindwa. Kacha.

"Filamu ijayo, mama."

"Filamu ijayo utamwoa huyo hondohondo," nikamwambia siku moja. Alicheka mpaka ndege wote wakaruka. Kile kicheko, jamani, nakitamani hadi leo. Nilikuwa namnunia mpaka jioni, halafu picha zikirudi kutoka Nairobi mimi ndiye wa kwanza kuzishika. Zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.

Mwaka wa themanini na nne, ukame ulipokaza, alitumwa Sericho na lori la chakula cha msaada. Alirudi na homa kali. Hakumaliza wiki.

Kamera ilikaa kabatini miezi mingi. Niliichukia. Nikilifungua lile kabati nageuza uso. Mwishowe nikaipeleka kwa Ahmednur, mwenye studio karibu na msikiti, ambaye ndiye aliyekuwa akitutumia filamu Nairobi. Akaigeuzageuza mkononi.

"Pole sana, Mama Akal. Imebaki picha moja tu. Nipige ukuta ili niitoe filamu?"

"Usipige ukuta," nikasema.

Alifunga studio mchana wa jua kali, Mungu ambariki, tukaenda naye bustanini. Nikakaa kwenye benchi. Kwenzi wakashuka miguuni pangu wakidonoadonoa, wamenenepa na ukame wote ule. Ahmednur akaniuliza kama nataka awapige hao, maana anajua marehemu aliwapenda. Nikamwambia wameshakula filamu zangu za kutosha, leo waende zao. Nikawafukuza kwa leso.

Akainua kamera, halafu akaishusha.

"Mama, umekaa pembeni sana. Sogea katikati."

"Hapa ndipo ninapokaa," nikamwambia. "Wewe piga benchi lote."