Filamu Niliyoifasiri kwa Hofu ya Mungu

Wanjugu na mumewe Muriuki walikuwa na siku kumi na moja bila kusemeshana, tangu Muriuki alipomkaribisha kaka yake kuishi kwao bila kumwuliza mkewe. Niliwaombea asubuhi na jioni. Kisha nikawaalika kwangu Mount Druitt, huku ugenini tunakoishi, Jumamosi baada ya chakula cha mchana, tutazame filamu ya Kifaransa kuhusu ndoa.

Niliinunua dukani, mtaa wa Cabramatta. Jalada lilikuwa na bibi harusi mlangoni pa kanisa, na sisi wa Bukavu tulifundishwa Kifaransa na masista. Sikudhani lugha ile inaweza kusema upuuzi. Sikuitazama kwanza.

Haikuwa na maandishi ya Kiingereza. Sikujali, kwani kila Jumapili mimi ndiye ninayesimama kando ya mhubiri na kufasiri. Wakaketi kochi moja, kila mmoja pembeni kwake.

Kanisa lilionekana dakika mbili tu. Mara bwana harusi akawa ndani ya kabati la jirani, na mume wa jirani anaingia na mkate.

"Anasema nini?" Wanjugu akaniuliza.

"Ameingia mahali pa siri kuomba," nikasema. Bwana anisamehe.

Muriuki akasogea mbele. "Mbona anaomba bila suruali?"

"Ni kujinyenyekeza, Baba Kendi."

"Usimsumbue Mama Emérance," Wanjugu akamwambia mumewe, macho kwenye televisheni. "Wewe hata na suruali huombi."

Muriuki akacheka. Mimi nikashika uzi. Daktari wa meno aliyemshika bibi harusi kiuno nikamfanya shemasi. Filamu yenyewe ilikuwa mbovu hata kwa wasio na dini: milango inafunguliwa, inafungwa, hakuna kichekesho. Hao wawili walikuwa wananicheka mimi, na sikuwazuia.

Mwishoni bibi harusi akapanda treni na daktari wake.

"Wamepatana?" Wanjugu akauliza.

"Wamepatana kabisa."

"Na huyu wa kwenye treni?"

"Shemeji. Anamsindikiza."

"Mama Emérance, shemeji anambusu mdomoni."

Nikaitafuta rimoti.

Muriuki akasimama, akampa mkewe mkono. "Twende tukamtafutie kaka yangu nyumba, Mama Kendi. Mashemeji hawafai kukaa karibu."

Wanjugu akaushika mkono ule. Nikazima televisheni, nikapiga magoti, sikujua nianze na shukrani au toba.