Nyoka wa Ngozi

Mwanamke fundi viatu hakuwahi kushika fimbo ya kuvulia maishani mwake. Aliyemtia katika mambo haya ni baba mkwe wake. Kila walipokaa kula, mzee hakuwa na habari nyingine ila ya besi mkubwa wa bwawani, samaki wa kijani mwenye mdomo mpana kama mfuko. Alimwona kwa macho yake akimmeza nyoka mdogo aliyekuwa akivuka maji. Minyoo anaikataa, visamaki anavikataa, basi ana nini huyu?

Mkamwana alisikiliza, akaenda zake kwenye kibanda chake cha viatu. Akachagua mabaki ya ngozi laini, akaunganisha vipande kimoja baada ya kingine kwa uzi wa nta, akavijaza vizibo vya gome jepesi vilivyosagwa ili nyoka aelee. Chini yake akafunga ndoana mbili zenye ncha tatu tatu, moja kooni, nyingine karibu na mkia. Uzi aliupitisha mara mbili kila mahali, maana hakupenda kazi yake ichanike mbele ya mzee.

Mzee alimgeuzageuza nyoka mkononi, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Mwanangu, samaki hawavai viatu."

"Basi twende tukamjaribu, Baba," alijibu, na mwenyewe akashangaa sauti yake ilivyotoka kavu.

Mumewe alimvuta pembeni. "Wewe hujui hata kuogelea."

"Siendi kuogelea. Naenda kuvua."

Asubuhi bwawa lilikuwa limetulia tuli. Mzee alipiga makasia hadi kwenye matete, akamwonyesha jinsi ya kurusha. Mkamwana alirusha, nyoka akanasa kwenye majani. Akarusha tena, akanasa tena. Mzee alitazama kando akiuma midomo asicheke, na hilo lilimuudhi kuliko kicheko chenyewe.

Kisha nyoka akatua vizuri. Mwanamke aliuvuta mshipi kidogo, na kile kitu cha ngozi kikajikunja, kikajinyoosha, kikaanza kuogelea kama chenye roho. Mzee akaacha makasia.

"Polepole," alinong'ona. "Mwache nyoka apumzike. Sasa mguse tu."

Maji yakapasuka. Fimbo ilijipinda hadi ncha yake ikazama.

"Nipe mimi!"

"Hapana, Baba, huyu ni wangu!"

Alivuta mpaka mikono ikamuuma. Samaki alipofika ubavuni mwa mashua, mzee aliinama amkamate taya kama alivyozoea. Besi akatikisa kichwa kwa nguvu. Ndoana ya mkiani, iliyokuwa ikining'inia nje ya mdomo wake, ikazama kwenye nyama ya mkono wa mzee, chini ya kidole gumba. Samaki akapiga mbizi.

Mzee hakupiga kelele. Alitoa mguno mmoja tu, mkono ukavutwa majini hadi begani, mashua ikalala upande na maji yakaanza kuingia. Mwanamke aliitupa fimbo sakafuni, akajirusha upande wa pili kusawazisha uzito. 

"Kata mshipi!" mzee alisema kwa shida.

Alichomoa kiunoni kisu chake cha kukatia ngozi, kisha akasita. Kuukata mshipi kungesaidia nini? Kilichowafunga samaki na mzee pamoja ni nyoka mwenyewe, na ule uzi wa mara mbili. Ilibidi amfikie nyoka, na nyoka alikuwa upande ule uliokuwa ukizama.

"Baba, lala chini. Lala kabisa."

Mzee akalala, mkono bado ukiwa majini. Naye akatambaa kwa tumbo katika maji yaliyojaa sakafuni, akatia mkono bwawani, akapapasa. Ngozi iliteleza. Kila samaki alipojitikisa, mzee alifumba macho. Alipapasa kipande kwa kipande, hadi kidole chake kikagusa fundo alilolifunga mwenyewe. Akakata. Uzi ukagoma. Akamwomba Mungu, akakandamiza kisu tena.

Ukakatika. Mashua ikainuka ghafla, na samaki akaondoka na kichwa cha nyoka, akiiburuta fimbo nyuma yake.

Kurudi, yeye ndiye aliyepiga makasia, na mashua ilizunguka ovyo kama kuku mgonjwa huku mzee akimwelekeza. Kwenye matete waliikuta fimbo imekwama. Nusu ya nyoka ilikuwapo, ndoana imenyooka. Samaki hakuwapo.

Zahanatini, muuguzi alifunua kitambaa, akaona mkia umening'inia mkononi, akaruka nyuma hadi akaangusha trei.

"Nyoka gani huyu amekuuma?"

"Wa mke wa mwanangu," mzee alijibu.

Muuguzi alimdunga ganzi, akaitoa ndoana, akafunga bendeji. Mkamwana alisimama imara muda wote, akashika taa alipoambiwa ashike. Walipotoka nje hakufika mbali. Akaketi kwenye ngazi, akalia.

"Nisamehe, Baba. Ningekuua."

Mzee aliketi kando yake, taratibu, akiutunza mkono wake.

"Nilimgusa taya, mwanangu," alisema. "Ni mkubwa kuliko nilivyokuwa nadanganya."

Mwanamke akacheka katikati ya machozi. Mzee hakumharakisha. Alikaa pale pale hadi mkamwana aliposimama mwenyewe.