Fataki ya Deolinda

Asubuhi ya harusi yake, Deolinda alipanda kilimani na vibanio vya nywele kichwani, akamkuta Gualter kwenye kibanda chake cha kuvizia nyangumi, darubini machoni.

"Gualter mwanangu, padri akifika pale pa kutuuliza kama tunakubaliana, nirushie fataki moja."

Gualter akashusha darubini. "Bibi, fataki ni ya nyangumi. Na siku hizi hata hiyo hatuitumii, mashua za watalii tunaziita kwa redio."

"Ndiyo maana nataka fataki. Redio haijawahi kunivunjia harusi."

Kisiwa kizima cha Pico kilijua habari ile. Enzi nyangumi walipokuwa wakiwindwa, fataki ikilia kilimani kila mwanamume aliacha alichoshika akakimbilia mashua. Kinyozi aliacha kichwa nusu, mlaji aliondoka na kijiko. Hermínio, mrusha chusa, aliondoka na pete ya ndoa. Alimwacha Deolinda mbele ya altare mdomo wazi, akarudi usiku ananuka mafuta ya nyangumi, anauliza kama keki imebaki. Haikubaki. Deolinda akaolewa na fundi saa, mtu asiyejua kukimbia, akakaa naye vizuri mpaka alipofiwa.

Uwindaji ulikwisha kupigwa marufuku, mashua za makasia zikabaki za mashindano tu. Ndipo Hermínio, mvi tupu, akaja kubisha hodi, jibini zima mkononi.

"Kitendawili," Deolinda alimwambia hapo hapo mlangoni.

"Tega."

"Hana miguu, kaiba bwana harusi."

Hermínio akainamisha kichwa. "Nyangumi."

Basi akamkaribisha ndani. Alimpenda, tena hata siku ile ya keki alimpenda. Lakini kuachwa mara mbili mahali pale pale, hapana! Leo fataki itampima: akikimbia, jibini lake atalila peke yake mpaka afe.

Kanisa lilijaa. Padri Aurélio, mtoto wa mpiga makasia, alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, Hermínio alijibu kwa sauti, "Ndiyo, kwa moyo wote!"

Watu wakaangua kicheko.

"Tulia, mzee," padri akamnong'oneza. "Zamu yako bado."

"Ndiyo!" akasema Hermínio.

Deolinda akadhani ni woga. Naye alikuwa nao, kwani padri alikuwa anafungua ukurasa wenyewe, na mara... puuu! Vioo vikatetemeka.

Lo! Wazee waliopiga makasia na Hermínio waliruka kama vijana, mmoja akasahau mkongojo wake. Mtumishi wa altare akatoka na chetezo kinafuka moshi. Padri mwenyewe akakunja kanzu magotini. "Narudi sasa hivi!" akasema, huyoo! Na kanisa zima likamiminika nyuma yake.

Deolinda alifumba macho. Hakutaka kuuona mgongo ule mara ya pili. Alipofumbua, kanisani mlikuwa na mishumaa, mbwa wa kinyozi, na Hermínio.

"Umebaki!" Machozi yakamtoka.

Hermínio alimtazama midomo, kisha akageuka kutazama viti. "Mbona watu wameondoka? Chakula kimeiva?"

Deolinda akafuta machozi, akamshika sikio. Tupu. "Hermínio! Kile kifaa chako cha kusikilizia kiko wapi?" Akamwonyesha kwa kidole, maana angepiga kelele bure.

Mzee akaona haya. Akatoa leso mfukoni, akaifungua polepole, kifaa kilikuwamo. "Nilikivua asubuhi. Na kichwa changu tunaelewana, Deolinda, lakini miguu hii mikaidi. Nyangumi siku hizi anapigwa picha tu, hakuna wa kumgusa, nimeiambia mara ngapi? Ikisikia fataki itakwenda. Nikaona heri masikio yakae mfukoni."

Deolinda alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akamvalisha kifaa kwa mkono wake. "Padri akirudi ujibu unachoulizwa, mume wangu."

Puuu!

Hiyo hakuiagiza. Nje watu wakapiga ukelele, "Yule! Yuleee! Nyangumi anapumua!"

Hermínio alikaza meno, akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, lakini chini viatu vilikwisha kuanza kucheza na vidole vimeelekea mlangoni. Deolinda akapandisha gauni, akamkanyaga miguu yote miwili, akasimama juu yake kama nanga.

"Padri!" akaita. "Padri, harakisha! Mimi si mzito!"